Tathmini: Vitufe vya Kubadilishia Gia kwenye Hilux Surf ya Otomatiki

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikiendesha Toyota Hilux Surf ya mwaka 1998, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya lita 3.0, ambayo gia boksi yake ya otomatiki imefungiwa vitufe viwili, kimoja cha kupandisha gia na kingine cha kushusha, pamoja na kisanduku kidogo cha kuvitawala. Kazi ilifanywa na karakana moja ya umeme wa magari hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa yapo waliyoyafanya vizuri sana na yapo waliyoyaharibu. Kisanduku, vitufe na kioo kidogo kinachoonyesha namba ya gia viligharimu shilingi 450,000, ufundi shilingi 250,000, na marekebisho niliyoyafanya baadaye kwa fundi mwingine yakala shilingi 80,000. Naandika kwa sababu kila ninapoegesha mahali penye madereva, hakosekani wa kuviona vile vitufe na kuuliza kama sasa gari limekuwa manyuo, yaani la gia za mkono. Jibu ni hapana, na katika hiyo hapana ndimo yalimo karibu mambo yote ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha zake.

Nianze kwa kulitendea haki gari lenyewe. Surf ya otomatiki, kama ilivyotoka kiwandani, haimwachi dereva mikono mitupu: kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia huizuia gia ya nne, nafasi ya 2 humpa gia nzito kwenye miteremko, na nafasi ya L humbakiza kwenye nzito zaidi. Mtu ambaye safari zake ni Mbezi hadi Posta na kurudi hahitaji zaidi ya hayo, na kama karakana inamwambia anahitaji, basi inamuuzia. Kilichonisukuma mimi ni mlima wa Kitonga. Kila tulipokwenda Iringa, baada ya kuipita Ruaha Mbuyuni barabara inapoanza kujikunja kuelekea juu, gari likiwa na watu watano na mizigo juu ya keria, nyuma ya lori lililobeba kontena, kompyuta ya gari ilikuwa haijui itulie wapi: inaingiza gia ya tatu, injini inalemewa, inarudi ya pili, injini inapiga kelele, naachia mafuta kidogo kwa kumwogopa wa mbele, nayo inadhani tumefika tambarare na kuingiza ya tatu tena. Nilichotaka ni gari likae kwenye gia niliyoichagua mimi mpaka nitakapoamua vingine.

Gia boksi ya gari hili ni ya familia ya A340 iliyotengenezwa na Aisin wa Japani, ndugu wa ile iliyofungwa kwenye Jeep Cherokee kwa jina la AW4 na kwenye Toyota Supra za otomatiki za miaka ya 1990, nayo inakubali kazi hii kuliko gia boksi nyingi kwa sababu mbili. Kwanza, uchaguzi wa gia unafanywa na solenoidi mbili tu, yaani vali mbili ndogo za umeme zilizomo ndani ya vali bodi, kile kipande kinachogawa mafuta ndani ya gia boksi. Solenoidi ya kwanza ikipata umeme peke yake, gari liko gia ya kwanza. Zikipata zote mbili, liko ya pili. Umeme ukibaki kwenye solenoidi ya pili peke yake, liko ya tatu. Na zikikosa zote mbili, liko ya nne. Msomaji makini ataona kwamba kutoka gia moja hadi inayofuata ni solenoidi moja tu inayobadilika hali, kwa hiyo hakuna nafasi ya gari kuchepukia gia isiyotakiwa eti kwa kuwa swichi moja imechelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Aliyeupanga mpangilio huo alistahili mshahara wake. Pili, shinikizo la mafuta linalobana klachi za ndani linafuata kebo ya chuma inayovutwa unapokanyaga pedali ya mafuta, si amri ya kompyuta, na kwa hiyo kisanduku cha vitufe hakina haja ya kuligusa. Ukikanyaga sana, klachi zinabanwa sana, hata kama gia umeichagua wewe.

Hapa ndipo ninapowasifu wale mafundi. Kabla ya kukata waya hata mmoja, fundi aliyepewa gari langu alichomoa soketi ya solenoidi na kunitaka nizunguke naye mtaa. Tukaondoka na D, gari likavuta kwa uvivu wa gia ya nne. Akaniambia niweke 2, ikaja ya tatu. Kwenye L ikaja ya kwanza. "Mzee, boksi lako zima," akasema, "tungefunga vitufe kwenye boksi bovu tungekuja kulaumiana." Kisha akapima ukinzani wa kila solenoidi kwa mita yake, akapata omu 13, wakati kiwango kinachokubalika ni kati ya omu 11 na 15, akaandika namba hizo kwenye karatasi ya kazi. Jaribio hilo haligharimu kitu na mwenye gari yeyote wa familia hii ya gia boksi anaweza kulidai. Karakana isiyolifanya, ondoka na gari lako.

Kisanduku chenyewe kina ukubwa wa pakiti ya sigara, nacho kimefichwa nyuma ya droo ya dashibodi. Kina swichi ya kuchagua kati ya hali mbili: katika hali ya kwanza, rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinazirudisha solenoidi kwa kompyuta ya kiwandani na gari linakuwa kama lilivyonunuliwa, katika hali ya pili, solenoidi zinahamia kwenye vitufe. Hili naliona kuwa sifa kubwa kuliko zote za kifaa hiki. Mke wangu, ambaye hana haja na mambo haya, anageuza swichi, anaweka D na kwenda zake, na mimi mwenyewe kwenye foleni ya Ubungo nafanya hivyohivyo, maana kubonyeza vitufe kwa kila mita kumi ni adhabu. Kisanduku pia kinasoma sensa ya mwendo na kukataa kushusha gia ikiwa injini itazidishiwa mzunguko. Nilikijaribu kwenye barabara tupu: nikiwa kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya tatu, nilibonyeza kitufe cha kushusha mara mbili mfululizo, kikalia mlio mfupi na kubaki pale pale. Ulinzi huo si pambo. Uwiano wa gia ya tatu ni 1.000, wa ya pili ni 1.531 na wa ya kwanza ni 2.804, kwa hiyo injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika kwenye ya tatu itarukia takriban 4,600 ukiingiza ya pili, na kwa dizeli kubwa ya aina hii huo si mzunguko wa kuchezea.

Ufungaji ulichukua siku mbili badala ya saa tatu nilizoahidiwa. Siku ya kwanza karibu yote ilipotea katika mabishano kuhusu mahali pa kuweka vitufe, kwani fundi wa umeme alitaka vikae kwenye usukani wenyewe, na waya wake ufuate mzunguko wa usukani kama ule wa simu za mezani za zamani. Nilikataa, kwa sababu usukani wa gari hili una mfuko wa hewa wa usalama, na waya unaoning'inia mbele ya mfuko huo ni jambo ambalo sitaki kulifikiria. Tulikubaliana vifungwe kwenye kava la nguzo ya usukani, nyuma ya usukani, ambako havizunguki nao. Hasara yake ni kwamba kwenye kona kali mkono unavipoteza, na ukivitafuta kwa kupapasa unaweza kuwasha waipa. Nimezoea. Hata kwa kazi hiyo, kwa kuwa kava lilipaswa kufunguliwa, walichomoa waya wa betri na kusubiri zaidi ya sekunde 90 kama Toyota inavyoelekeza, jambo ambalo si kila karakana hujali kulifanya.

Barabarani, mlima niliokuwa nikiupigania ulinipa nilichokilipia. Safari ya kwanza ya Kitonga nilishika gia ya pili kuanzia kona za mwanzo, nikaiacha hapo nyuma ya malori, injini ikiimba sauti moja, na palipopatikana nafasi ya kupita nilikuwa tayari na nguvu mkononi, bila ile kuvuta pumzi ya kusubiri kompyuta ikubali. Gia zinabadilika kwa ulaini uleule wa zamani, kwani kazi bado inafanywa na klachi na mafuta yaleyale. Kati ya kubonyeza na gia kuingia kuna kuchelewa kidogo, si zaidi ya kule kwa otomatiki ya kawaida, na anayetarajia mshindo wa gari la mashindano atasikitika. Kwenye tope pia nimeviona vina manufaa, maana kuondoka na gia ya pili huyazuia matairi kuchimba.

Mteremko ndio ulionifundisha. Tukirudi kutoka Iringa, juu kabisa ya Kitonga, nilifanya kile ambacho dereva yeyote aliyefundishwa na gari la gia za mkono angefanya: mkono wa gia ukiwa kwenye D, nilibonyeza kushusha hadi kioo kikaonyesha 2, nikaondoa mguu kwenye mafuta na kusubiri injini inivute nyuma. Haikuvuta. Mshale wa mizunguko ulianguka hadi karibu na mahali unapokaa gari likiwa limesimama, huku mshale wa mwendo ukipanda, na gari likateremka kama baiskeli ambayo mwendeshaji ameacha kupiga pedali. Nilikanyaga breki, nikauvuta mkono wa gia kutoka D hadi 2, na hapohapo injini ikanguruma na gari likashikwa. Tulipofika Ruaha Mbuyuni nilisimama kivulini na kumpigia fundi simu. "Hiyo ndiyo kawaida yake, mzee," alinijibu, kana kwamba nimeuliza saa.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu karatasi ya maelekezo waliyonipa haina hata neno moja kuhusu jambo hili. Ndani ya gia boksi za familia hii, gia ya pili mkono ukiwa kwenye D inashikiliwa na klachi ya njia moja, inayofanya kazi mithili ya friwili ya baiskeli: injini ikisukuma magurudumu inabana, magurudumu yakitaka kuisukuma injini inaachia. Bendi ya ziada inayoziba uachiaji huo hubanwa tu mkono wa gia ukiwa kwenye nafasi ya 2, na njia ya mafuta yake inafunguliwa na mkono wenyewe, si na solenoidi, kwa hiyo hakuna kitufe wala kisanduku kitakachoifikia. Gia ya kwanza ni vivyo hivyo, inashika kwenye mteremko mkono ukiwa L tu. Ya tatu inashika hata kwenye D. Kwa hiyo utaratibu wangu siku hizi ni kuweka mkono kwenye 2 kabla ya mteremko kuanza, kisha kutumia vitufe kuchagua kati ya ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hapo ndipo kifaa hiki kinapopendeza hasa, kwa sababu ya pili inashika vizuri na haipandi yenyewe hata mwendo ukiongezeka.

Ila kuna mtego mwingine ndani ya utaratibu huo. Kioo kinaonyesha gia iliyoamriwa, si gia iliyoingia. Mkono ukiwa kwenye 2, ukibonyeza hadi kioo kisome 4, solenoidi zote mbili zinakosa umeme na gia boksi inabaki ya tatu. Kioo kinasema nne, gari liko tatu. Mkono ukiwa kwenye L ni hatari zaidi, kwani solenoidi zikikosa umeme katika nafasi hiyo gari huingia ya kwanza, kama tulivyoona kwenye jaribio la mtaani. Mtu anayeteremka kwa kasi, mkono ukiwa L, akabonyeza kupandisha akidhani anaipumzisha injini, au fyuzi ya kisanduku ikakatika, atakutana na kinyume chake. Mimi sigusi L kabisa nikiwa katika hali ya vitufe. Kwenye D, kwa upande mwingine, fyuzi ikikatika gari linaangukia ya nne, na hilo linavumilika.

Sasa nieleze walichokiharibu. Kompyuta ya kiwandani inazikagua solenoidi zake, na ikizikosa huandika kosa, namba 62 kwa ya kwanza na 63 kwa ya pili, kisha huwashawasha taa ya O/D OFF. Ili kuituliza, katika hali ya vitufe kisanduku kinaiunganisha na rezista, yaani vipande vya kuzuia umeme, zenye ukinzani unaofanana na wa solenoidi, idhani bado zipo. Wazo ni sahihi. Lakini volti 14 za gari linalotembea zikipita kwenye omu 13 zinazalisha joto la wati 15, na wao walifunga vijirezista vyeupe vya wati 5, vilivyozungushiwa selotepu nyeusi na kulazwa juu ya zulia la sakafuni chini ya droo. Wiki ya tatu, tukipanda taratibu nyuma ya lori la mbao, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Niliposimama na kufungua droo, selotepu ilikuwa imegeuka gundi na zulia lilikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa sarafu. Karakana ilijitolea kubadilisha rezista kwa nyingine za aina ileile, ofa ambayo niliikataa kwa heshima, nikaenda kwa fundi mwingine aliyefunga za wati 50 zenye mwili wa alumini, akazikaza kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na zulia. Tangu hapo ukizigusa baada ya safari ni za vuguvugu tu. Anayefungiwa kifaa cha namna hii aombe kuonyeshwa rezista kabla droo haijarudishwa.

Jambo la kuibana konveta, yaani kile chombo cha mafuta kinachokaa kati ya injini na gia boksi, lilishughulikiwa vizuri zaidi. Solenoidi ya tatu ndiyo inayoibana klachi ya ndani ya konveta ili isiteleze kwenye mwendo mrefu, na ikiachwa bila umeme gari hula mafuta zaidi na mafuta ya gia boksi hupata joto. Kisanduku kinaibana chenyewe baada ya sekunde chache kwenye ya tatu na ya nne mwendo ukitulia, na wale mafundi walikumbuka kuunganisha waya wa swichi ya breki ili ukigusa pedali tu iachie. Bila waya huo injini ingetetemeka na kuzimika kila unaposimama. Hata hivyo nilibadilisha mafuta ya gia boksi kabla ya safari ndefu ya kwanza, Dexron mpya, na ningemshauri yeyote afanye hivyo, kwa kuwa dereva anayeshikilia gia kwa muda mrefu mlimani anaipa konveta kazi ambayo kompyuta isingeipa.

Nimeulizwa na wenye Crown na Mark II za gia tano, na wenye magari madogo ya CVT, kama wafunge kitu hikihiki. Kwenye gia boksi ya A650E yenye gia tano, shinikizo la mafuta linatawaliwa na solenoidi inayopewa umeme wa kupimwa na kompyuta, kwa hiyo kisanduku cha kuwasha na kuzima tu kitaunguza klachi. Na CVT haina gia za kuchagua, ina mkanda na puli. Huko kisanduku hiki hakina kazi, hata muuzaji akisema kinaingia.

Malalamiko yangu ya mwisho ni kuhusu kile kioo cha namba. Usiku kinasomeka vizuri, lakini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua la Dar es Salaam linakifuta kabisa, na mimi nikabaki nikihesabu mibonyezo kichwani kama mtu anayehesabu chenji kwenye daladala. Karakana iliniambia kuna kioo chenye mwanga mkali zaidi, kwamba kimeshaagizwa na kwamba kitabadilishwa bila malipo wiki ijayo. Huu ni mwezi wa tatu tangu nipewe ahadi hiyo, na kwa sasa nimekibandikia kipande cha karatasi nyeusi juu yake mithili ya kofia, ambacho kinasaidia mpaka saa tano.